Uzi: Wafugaji wamelipwa mara mbili kwa sababu ya uthibitisho tuliouchelewesha kwenye RabbitMQ

MwanaFoleni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina dukuduku wiki ya tatu sasa. Nalileta hapa kwa sababu najua wengi humu mnaandika mifumo ya malipo, ya SMS na ya oda, na nyuma ya mifumo hiyo mmeweka foleni ya ujumbe. Naandika kirefu, mnivumilie.

Mimi na wenzangu wawili tulijenga mfumo wa chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Asubuhi maziwa yanapimwa kituoni, lita zinaingia kwenye mfumo, na kila baada ya siku 15 mfumo unapiga hesabu na kumlipa kila mfugaji kwenye simu yake. Kwa kila malipo tunaandika ujumbe mmoja na kuuweka kwenye foleni ya RabbitMQ, programu inayotunza ujumbe hadi uchukuliwe na kuthibitishwa. Upande wa pili kuna programu ndogo, tunaiita mpokeaji. Inachukua ujumbe, inapiga API ya kampuni ya simu (mlango wa programu kuongea na mfumo wao), inasubiri jibu, kisha inakwenda kwenye ujumbe unaofuata.

Siku hiyo ya malipo API ilikuwa nzito. Malipo ambayo siku zote huchukua sekunde moja au mbili yakawa yanachukua sekunde tisa. Hakuna aliyeshtuka, maana fedha zilikuwa zinaingia, polepole lakini zinaingia.

Sasa angalieni tulivyokuwa tumepanga. Tulimruhusu mpokeaji ashike ujumbe 250 kwa mkupuo, ndiyo ile prefetch_count. Na badala ya kuthibitisha mmoja mmoja, alikuwa anamaliza wote 250 ndipo anatuma basic.ack moja, yaani uthibitisho kwamba kazi imekwisha, ya kuufunika mkupuo mzima. Mimi ndiye niliyeandika hivyo. Nilisoma kwamba inapunguza safari za mtandao, na ni kweli inapunguza.

Pigeni hesabu. Sekunde 9 mara 250 ni sekunde 2,250, yaani dakika 37 na nusu. RabbitMQ kwa toleo tulilo nalo inampa mpokeaji dakika 30 athibitishe alichokabidhiwa. Zikipita hizo, inaifunga chaneli (njia ya mawasiliano kati yake na mpokeaji) na kurudisha foleni kila ambacho hakijathibitishwa. Kwenye logi nilikuta kosa la PRECONDITION_FAILED, na kwenye mstari huo namba 1800000. Hizo ni milisekunde, ndizo dakika 30 zenyewe.

Dakika ya 30 ilipofika, mpokeaji alikuwa ameshalipa watu karibu 200. Kwa macho ya RabbitMQ hakuna hata mmoja aliyelipwa, kwa sababu hakuna uthibitisho uliofika. Ujumbe wote 250 ukarudi foleni. Mpokeaji akaunganisha upya ndani ya sekunde chache, akakabidhiwa ule ule, akaanza kulipa kuanzia mtu wa kwanza.

Tuligundua kwa simu. Katibu wa chama alipiga, akasema kuna mzee anauliza hii hela ya pili ni ya nini, bei ya maziwa imepanda? Tukazima mpokeaji. Kesho yake, mama mmoja alifika kituoni na kopo lake la maziwa, akafungua pindo la khanga na kutoa noti alizokuwa amekwenda kuzitoa kwa wakala, akazihesabu mezani mbele ya karani. Makato ya kutolea alilipa yeye. Hilo la makato ndilo limeniuma kuliko yote. Tumemrudishia, yeye na wengine waliofanya hivyo, lakini mtu alitembea kilomita kadhaa na hela isiyo yake kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika mimi.

Ninachotaka tujadili ni hiki: uthibitisho unatakiwa utoke lini hasa? Na ujumbe ukiletwa tena, mpokeaji afanye nini? Nina majibu yangu, nitayaweka, ila nataka kusikia ya waliokwishapita hapa.

Naomba kuwasilisha.

---

Kijana_wa_Seva

Pole sana mkuu. Mimi bado mchanga kwenye mambo haya. Si mngeweka uthibitisho wa moja kwa moja tu? Pale kwenye msimbo unaandika auto_ack=True, RabbitMQ haisubiri kitu, hakuna dakika 30, hakuna kurudia. Au kuna tatizo sijaliona?

---

MwanaFoleni

Mkuu, swali zuri, na wengi wanaishia hapo.

Ukiweka uthibitisho wa moja kwa moja, RabbitMQ inahesabu ujumbe umefika pale tu inapouandika kwenye soketi, yaani inapoukabidhi kwa mtandao. Haijui kama programu yako imeusoma, achilia mbali kama imelipa. Sasa fikiria mpokeaji amevuta ujumbe mia kadhaa, imo kwenye kumbukumbu ya mashine, umeme unakatika au seva inaishiwa RAM na mfumo unamuua. Ule ujumbe foleni haipo tena. Umepotea, na hakuna logi itakayokuambia ni ya nani.

Kwa tukio letu ingekuwa hivi: badala ya watu 200 kulipwa mara mbili, watu kadhaa wasingelipwa kabisa, na sisi tungekataa kwa kiburi kwamba mfumo unaonyesha foleni imeisha. Aliyelipwa mara mbili anapiga simu. Asiyelipwa anaambiwa asubiri.

Auto_ack ina mahali pake. Kama unatuma kipimo cha joto kila sekunde na kimoja kikipotea hakuna hasara, itumie. Kwa fedha, hapana.

---

Bi Masijala

Wanangu, nimepita nikaona uzi huu. Mimi si mtu wa kompyuta, binti yangu ndiye, amenionyesha akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa zaidi ya alivyotarajia, kwa sababu nimefanya kazi masijala miaka mingi.

Kwetu kulikuwa na kitabu cha dispachi. Tarishi analeta barua, anafungua kitabu, unasaini, anaondoka. Saini ile ilimaanisha kitu kimoja tu: barua imetoka mikononi mwa tarishi. Haikumaanisha imefunguliwa, imepigwa muhuri, imewekwa kwenye jalada. Nimeshaona barua zimesainiwa vizuri kabisa halafu zikakutwa miezi mingi baadaye chini ya trei. Ukimuuliza aliyeileta anakuonyesha saini yako. Huna pa kusemea.

Kwa hiyo mnachozungumza ni tarishi ambaye hakubali saini mpaka aone barua imeingia kwenye jalada. Ukichelewa, anaichukua na kuirudisha. Ni tarishi mzuri, lakini lazima masijala nayo ijue kushughulika naye.

Na sisi tulijua. Barua ya serikali ina Kumb. Na. pale juu. Ofisi nyingine ikituma nakala, kisha ikatuma tena kwa sababu haikupata jibu, karani haanzishi shughuli mara mbili. Anaangalia Kumb. Na., anafungua jalada, anakuta folio namba fulani ni barua hiyo hiyo. Nakala ya pili anaiambatisha, basi. Mlipaji wenu alikuwa na Kumb. Na. ya kuangalia?

---

MwanaFoleni

Shikamoo mama.

Hakuwa nayo. Kila ujumbe ulikuwa na namba ya simu na kiasi, basi. Mpokeaji hakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba ujumbe alioushika sasa ndio ule wa nusu saa iliyopita. Mama, umelisema vizuri kuliko nilivyopanga kulisema mimi. Kuanzia sasa kwenye msimbo wetu hiyo sehemu inaitwa kumb.

---

Bi Masijala

Marahaba mwanangu.

---

mtu_wa_Kafka

Tatizo lenu ni RabbitMQ. Hamieni Kafka, mfumo mwingine wa kupitisha ujumbe, mambo haya yote yanaisha. Kafka haina kurudisha ujumbe foleni, na ina uwasilishaji wa mara moja kamili. Nimemaliza.

---

Dada Logi

Mkuu hujamaliza. Naendesha Kafka kazini kila siku, naomba nikujibu kwa hesabu ile ile ya mwanzisha uzi.

Kafka kweli haithibitishi ujumbe mmoja mmoja kwenye vikundi vyake vya kawaida vya wapokeaji. Inatunza alama ya ulipofikia kwenye kila kipande cha mada (mada ndiyo kama foleni kwa lugha ya Kafka, nayo hugawanywa vipande), ile ofseti. Mpokeaji akianguka, atakayechukua nafasi yake anaanzia kwenye ofseti ya mwisho iliyohifadhiwa. Kila kilichofanyika baada ya hapo kinafanyika tena. Jina ni tofauti, jambo ni lile lile.

Sasa twende kwenye mipangilio inayokuja nayo. Kwa mvuto mmoja mpokeaji anaweza kupewa hadi rekodi 500. Asiporudi kuvuta tena ndani ya dakika 5, anahesabiwa amekufa, anaondolewa kwenye kundi na vipande vyake wanapewa wengine. Sekunde 9 mara 500 ni dakika 75. Mwanzisha uzi angefukuzwa kwenye kundi dakika ya tano tu, akiwa amelipa watu 33, na mwenzake angeanza na wale wale 33. Na yeye naye angefukuzwa dakika ya tano. Kwa saa moja ungekuwa umewalipa mara kumi na mbili.

Na ile hali ya kuhifadhi ofseti yenyewe kila sekunde 5, ambayo inakuja ikiwa imewashwa, ina mtego wake. Ukivuta rekodi ukazigawa kwa nyuzi nyingine ndani ya programu (kazi zinazokwenda sambamba) zishughulikiwe, kisha ukavuta tena, ofseti inahifadhiwa wakati kazi bado. Programu ikianguka hapo, rekodi zile umeziruka moja kwa moja. Hiyo ndiyo auto_ack aliyokuwa anauliza kijana hapo juu, imevaa nguo nyingine.

Kuhusu mara moja kamili: ipo tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017, na inafanya kazi vizuri pale unaposoma kutoka Kafka, unachakata, unaandika Kafka. Ofseti na matokeo vinahifadhiwa pamoja au haviingii kabisa. Ukishapiga API ya kampuni ya simu umetoka nje ya uzio huo. Kafka haiwezi kuirudisha hela iliyokwisha ingia kwenye simu ya mtu.

---

mtu_wa_Kafka

Nimekuelewa dada. Hiyo hesabu ya 33 nimeifanya mwenyewe kwenye karatasi. Sisi tuna kazi inayochukua sekunde 2 kwa rekodi na hatujawahi kugusa hiyo 500. Naenda kuangalia sasa hivi.

---

Mkenya_wa_Wingu

Niko Nairobi, sisi tunatumia SQS, huduma ya foleni ya Amazon. Kule hakuna muunganisho wa kudumu kama wa RabbitMQ. Ukichukua ujumbe, SQS inauficha wenzako wasiuone kwa muda, kawaida sekunde 30. Kuthibitisha ni kuufuta. Usipoufuta kabla ya muda kuisha, unaonekana tena na mwingine anauchukua.

Tulikuwa na kazi ya kutengeneza ripoti za PDF kwa shule. Ripoti ndogo zilikuwa zinaisha kwa sekunde 10. Shule kubwa ilipojiunga, ripoti yake ilichukua karibu dakika moja. Basi seva ya kwanza inaanza, sekunde ya 30 ujumbe unaonekana, seva ya pili inaanza ripoti ile ile, na kwa kuwa sasa zote mbili zinagombania hifadhidata, zinakuwa polepole zaidi. Ya tatu inaingia. Mwalimu mkuu akapokea barua pepe tatu zenye ripoti moja.

Dawa tuliyotumia: mpokeaji anapoendelea na kazi, kila sekunde 15 anaomba aongezewe muda wa ujumbe aliouchukua. Akifa, maombi yanakoma na ujumbe unajitokeza wenyewe muda si mrefu. Hivyo huhitaji kuweka saa nzima kwa hofu. Ukiweka saa nzima na seva ikafa dakika ya kwanza, ule ujumbe utakaa umefichwa dakika 59 na hakuna atakayeugusa. Kumbuka tu kwamba mwisho wa kuongezewa ni saa 12 tangu uuchukue.

---

Dada Logi

Nyongeza ndogo kwa wanaotumia mifumo mingine ya foleni. NATS JetStream: nako muda wa kusubiri kawaida ni sekunde 30, na kuna jibu maalumu la kusema bado naendelea. Google Pub/Sub inaanza na sekunde 10 tu, na unaweza kuivuta hadi 600. Kila mfumo una saa yake. Ijue saa ya mfumo wako kabla ya siku ya malipo.

---

Kijana_wa_Seva

Wakuu, samahani kwa maswali. Sasa ina maana hakuna namna kabisa ujumbe ufike mara moja tu, si zaidi wala si pungufu?

---

MwanaFoleni

Kati ya mashine mbili zinazotenganishwa na mtandao unaoweza kukatika, hakuna. Hili lilishaandikwa mwaka 1975, na Jim Gray mwaka 1978 akalieleza kwa mfano wa majenerali wawili waliotenganishwa na bonde lenye adui. Mmoja anamtuma mjumbe kwamba tushambulie alfajiri. Mjumbe anaweza kukamatwa njiani, kwa hiyo anangoja jibu. Jibu nalo linaweza kukamatwa, kwa hiyo aliyejibu naye anangoja kujua kama jibu lake limefika. Hakuna mjumbe wa mwisho anayeweza kuwatoa wasiwasi wote wawili.

Leta hilo kwenye foleni. Mpokeaji amelipa, ametuma uthibitisho, mtandao umekatika kabla haujafika. RabbitMQ inaona kimya. Kimya hicho kinaweza kuwa mpokeaji amekufa kabla ya kulipa, au amelipa na uthibitisho umepotea. Kutoka upande wake vinafanana. Ina njia mbili: kuleta tena, au kukaa kimya. Ikileta tena, kuna siku utapokea mara mbili. Ikikaa kimya, kuna siku utapoteza.

Sisi tumechagua iletwe tena, na mpokeaji ndiye abebe jukumu la kutambua. Foleni italeta mara moja au zaidi, mlipaji atalipa mara moja.

---

Fundi Mwanza

Naongezea upande ambao hamjaugusa, ujumbe wenye sumu. Ule ambao haushughulikiki hata ukiletwa mara elfu.

Kwetu ilikuwa ni herufi. Kwenye jina la mteja mmoja kulikuwa na alama ambayo programu ilishindwa kuisoma. Mpokeaji anapata kosa, na sisi tulikuwa tumeandika: ukipata kosa lolote, tuma basic.nack, yaani nimeshindwa, na urudishe foleni. RabbitMQ inajitahidi kuurudisha mahali pake pa awali kama inawezekana, yaani karibu na mbele. Anaupokea tena papo hapo. Kosa. Anarudisha. Mara nyingi sana kwa sekunde moja. Asubuhi tulikuta diski imejaa logi hadi hifadhidata imesimama, na chanzo ni jina la mtu mmoja.

Kwa hiyo gawanyeni makosa mafungu mawili. Kuna kosa la kupita: mtandao, API imelemewa, hifadhidata imefungwa kwa muda. Hilo jaribu tena, lakini ngoja kwanza. Na kuna kosa la kudumu: data imeharibika, namba ya simu haipo. Hilo usirudishe foleni hata mara moja, likatae lipelekwe kwenye foleni ya walioshindikana.

Foleni za aina ya korum (quorum, zinazotunza nakala kwenye seva kadhaa) kwenye RabbitMQ zinahesabu ujumbe umeletwa mara ngapi, na kuanzia toleo la 4.0 kikomo chake cha kawaida ni 20. Foleni za aina ya zamani (classic) hazihesabu, zina bendera moja tu ya kusema huu umeshawahi kuletwa. Ila shikeni hapa: ukifika kikomo na hujaweka pa kuupeleka, ujumbe unatupwa. Watu wanasasisha toleo, hawajapanga foleni ya walioshindikana, halafu wanashangaa ujumbe umekwenda wapi.

---

Mkenya_wa_Wingu

Na hiyo foleni ya walioshindikana iwe na mwenyewe. Kwetu ilikaa miezi bila mtu kuifungua. SQS inatunza ujumbe siku 4 kawaida, na ukiongeza mwisho ni siku 14. Tulipokuja kuifungua, mwingi ulikuwa umeshafutika wenyewe. Siku hizi ukiingia hata mmoja, simu ya aliye zamu inalia.

---

Fundi Mwanza

Kuhusu kungoja kabla ya kujaribu tena: usimlaze mpokeaji usingizi akiwa ameshika ujumbe, utarudi kwenye dakika 30 za mwanzisha uzi. Sisi tuna foleni za kungojea, ya sekunde 10, ya dakika 1, ya dakika 10. Kila moja ina muda wa kuishi na haina mpokeaji. Muda ukiisha, ujumbe unapelekwa wenyewe kwenye foleni kuu. Gharama yake ni mpangilio. Uliochelewa utapitwa na wa nyuma yake. Kama oda ya kufuta inaweza kuitangulia oda ya kuanzisha, shughulikia hilo mapema.

---

Nyuzi_Nyingi

Mimi nina kosa tofauti, naomba msaada. Napata PRECONDITION_FAILED lakini kazi zangu ni za sekunde moja. Inasema namba ya uwasilishaji haijulikani. Chaneli inafungwa, kila kitu kinarudi foleni.

---

Dada Logi

Unapokea kwenye chaneli moja na kuthibitishia kwenye nyingine, au unathibitisha ujumbe mmoja mara mbili. Ile namba ni ya chaneli ile iliyouleta, si ya foleni wala ya muunganisho. Ujumbe wa kwanza kwenye chaneli ni 1, wa pili ni 2. Angalia pia kama maktaba yako inaunganisha upya kimyakimya: chaneli mpya inaanza kuhesabu upya toka 1, na wewe bado umeshika namba 87 ya chaneli iliyokufa.

---

Nyuzi_Nyingi

Ni hilo la kuunganisha upya. Asante sana dada, nilikuwa nimekwama siku mbili.

---

MwanaFoleni

Wakuu, nilienda kimya siku chache, tulikuwa tunaandika upya. Naweka tulichofanya, mnikosoe.

Kwanza kumb. Inatengenezwa na chama wakati malipo yanapohesabiwa, kwa kuunganisha namba ya mfugaji na kipindi cha malipo. Nilitaka kutumia kitambulisho kinachozalishwa wakati wa kutuma ujumbe, mwenzangu akanizuia, na alikuwa sahihi. Mtumaji naye anaweza kutuma mara mbili: ameweka ujumbe, RabbitMQ imeupokea, uthibitisho wa kumrudia mtumaji umepotea, anatuma tena. Hapo unakuwa na jumbe mbili tofauti machoni pa foleni, hata ile bendera ya kuletwa tena haiwaki. Kitambulisho kingekuwa tofauti. Namba ya mfugaji na kipindi haibadiliki hata utume mara kumi.

Pili, jedwali la malipo kwenye hifadhidata ya Postgres, kumb ikiwa ya kipekee. Mpokeaji kabla ya kugusa API anaingiza mstari wenye hali ya imeanza, kwa INSERT yenye ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ingiza, ila kama kumb hiyo ipo tayari usifanye kitu. Mstari ukiingia, kazi ni yake, analipa. Usipoingia, anausoma uliopo. Ukisema imekamilika, anathibitisha ujumbe na kuendelea, hela haiguswi.

Ukisema imeanza, hapo ndipo tulipobishana usiku mzima. Maana yake mpokeaji aliyetangulia aliandika mstari, kisha akafa, na hatujui alikufa kabla ya kupiga API au baada. Wa kwanza kati yetu alisema alipe, wa pili akasema aache. Vyote viwili ni kubahatisha na hela ya mtu. Tulichoamua: kumb yetu inatumwa pia kwa kampuni ya simu kama rejea ya malipo, na mpokeaji akikuta imeanza anauliza kwanza hali ya rejea hiyo. Wakisema ililipwa, anaandika imekamilika. Wakisema hawaijui, na muda wa kutosha umepita tangu mstari uandikwe, analipa kwa rejea ile ile. Wasipojibu, ujumbe unakwenda foleni ya kungojea, kama alivyoeleza Fundi.

Tatu, uthibitisho unatoka baada ya mstari wa imekamilika kuhifadhiwa kwenye hifadhidata, mmoja mmoja. prefetch_count sasa ni 5. Kwa sekunde 9 kila mmoja, wa mwisho anasubiri sekunde 45.

Nne, jaribio. Niliweka usingizi wa sekunde 20 baada ya API kujibu na kabla ya kuandika imekamilika, kwenye mazingira ya majaribio, kisha nikamuua mpokeaji kwa kill -9, amri ya kuzima programu papo hapo, katikati ya usingizi huo. Nilifanya hivyo mara 30. Kila mara ujumbe ulirudi, bendera ya kuletwa tena imewaka, mpokeaji mpya akakuta imeanza, akauliza, akaambiwa ililipwa, akafunga. Malipo 30, kumb 30.

---

Bi Masijala

Huyo anayekuta imeanza na kampuni haijibu, akingoja foleni ya kungojea mara nyingi mno, anaishia wapi?

---

MwanaFoleni

Mama, baada ya mara 8 anakwenda foleni ya walioshindikana, na pale karani wa chama anaona jina la mfugaji, kiasi na kumb kwenye skrini yake. Anapiga simu kwa mfugaji mwenyewe na kumuuliza kama hela imeingia.

Malipo ya kipindi hiki yametoka jana. Wawili waliishia pale. Karani aliwapigia wote kabla ya saa sita mchana, mmoja alikuwa ameshapata, mwingine bado. Yule wa bado amelipwa jioni.